Malwa ya Kumpokea

Baridi ya Mbarara ni ya kinafiki. Mchana jua linakuchoma mgongo ukianika nguo, jioni ikiingia kila mtu anatafuta sweta. Mimi ni mzaliwa wa Teso, sikuizoea kamwe, na pombe yangu ilishindwa kuliko mimi. Kwetu malwa, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija na maji ya moto, ukishaichanganya inachacha bila kubembelezwa. Pale kambini, kwenye vyumba vya mabati tulivyopewa wake wa askari, mchana ilikimbia na usiku ikalala.

Siku zile habari zilienea kwamba wanaume wetu wanarudi kutoka Kongo, na kwamba malori yangefika Jumamosi. Mume wangu alikuwa ameondoka muda mrefu kiasi kwamba mtoto wetu wa mwisho alimwita baba kila mwenye gwanda. Kambi nzima ilichangamka. Huyu anasuka nywele, yule anapaka ukuta chokaa. Mimi nilitoa unga wa ulezi niliokwisha kuukaanga na kuuanika, nikautia chunguni pamoja na kimea na maji.

Mama yangu alinifunza kwamba chungu cha kumpokea mume hakionjwi. Yeye ndiye wa kwanza kutia mrija, na kabla yake hakuna mtu, hata aliyeipika. Kwa hiyo nilibaki na mkono, pua na sikio tu. Asubuhi na jioni nilishika tumbo la chungu. Kikiwa na uvuguvugu kama shingo ya mtoto aliyetoka kucheza, mambo ni mazuri. Kikiwa moto kama mtoto mwenye malaria, pombe inaelekea kuwa siki. Kikiwa baridi, imelala na inahitaji kuamshwa.

Mwanzoni nilikuwa na haraka. Nilikivika chungu koti la mume wangu la baridi, nikasogeza na jiko la mkaa. Ijumaa povu lilipanda, nikasikia malwa ikinong'ona ndani. Jumamosi hapakuja lori hata moja. Tukaambiwa kesho, halafu wiki ijayo, halafu hakuna aliyetuambia kitu. Wenzangu walikunywa za kwao, wakaniambia nami ninywe, nitapika nyingine. Nikawaambia waniache. Niliona kwamba nikiimwaga au nikiinywa nitakuwa nimekubali kwamba haji, na sikuwa tayari kukubali.

Nikavua lile koti, nikazima jiko, lakini chungu kilizidi kupata joto mikononi mwangu. Nilikuwa nimekiharakisha mwenyewe, sasa hakisikii tena.

Aliyeniokoa ni mama mmoja Mkongomani, mkimbizi wa Nakivale, mtu wa Kivu ya Kusini. Alikuwa akileta maharage soko la Kakoba, na siku za soko alipita kwangu kupumzisha miguu. Nchi aliyoikimbia ndiyo nchi alikokwenda mume wangu, na kwa muda mrefu tulizungumza maharage tu. Siku hiyo alikigusa chungu bila kuomba ruhusa.

"Mama, iko na joto mingi. Itaharibika," alisema. "Kwetu, kasiksi, pombe ya ndizi, tulikuwa tunaiweka mu shimo, mu mchanga ya mayi. Uifunike na gunia, uimwangie mayi kila saa. Na ukiona inataka kuisha nguvu, uipe unga kidogo. Itakungojea."

Nikamuuliza kama naye aliwahi kumngojea mtu namna hiyo.

"Bwana yangu, nilimungojea mingi," alisema. "Sasa sitaki tena kungojea mutu."

Akajitwisha mzigo wake, akaenda. Nikachimba sakafu ya chumba, nikamwaga mchanga, nikakizika chungu hadi shingoni. Tangu hapo kazi yangu ikawa kubeba maji. Nililowesha mchanga, nikalowesha gunia, nikatia mkono kupima, nikaongeza unga. Kwenye foleni ya bomba walinicheka. "Wewe naogesha hiyo chungu kama mtoto!" alinipigia kelele jirani mmoja. Nilimjibu matusi ambayo sitayaandika. Ukweli ni kwamba sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia mume wangu. Sikuweza kusimamisha vita wala kusukuma lori, lakini kuizuia pombe isiharibike, hilo niliweza.

Malori yalikuja siku ambayo hakuna aliyeitangaza. Vigelegele vilipoanza, mimi nilikimbilia chumbani kwanza, nikashika chungu. Kilikuwa sawa kabisa. Nikaweka mrija wake tayari, ndipo nikatoka. Wanaume wakaruka chini mmoja mmoja, wamekonda, nami natafuta ule mwendo wake wa kutupa bega. Malori yakaisha watu. Askari mmoja wa mstari wetu wa nyumba akanijia taratibu, kofia mkononi.

"Shemeji, pole," alisema. "Sisi nazika yeye huko Kongo, mbele ya mvua kuanza. Mimi nafikiri walikwisha ambia wewe."

Mbele ya mvua kuanza. Ulezi wa chungu kile ulipandwa kwa mvua hizo hizo. Nilikuwa nimeununua mpya, wa mavuno yale. Mbegu ilipokuwa bado haijatupwa shambani, mume wangu alikuwa tayari chini ya udongo.

Nililia pale pale, wakanishika mikono. Jioni watu walijaa kwangu kunipa pole, na hapakuwa na kitu cha kuwapa isipokuwa ile pombe. Yule askari akaninyooshea mrija, akasema nianze. Nikavuta. Nilikuwa nimeomba moyoni iwe siki. Ilikuwa tamu, imeiva barabara, malwa bora niliyowahi kupika maishani. Wakaisifu. Nikawachukia wote, mmoja mmoja, huku nikiwaongezea maji ya moto chunguni.