Siku Pamba Alipofunguliwa Kwenye Begi la Harusi

Nikipita mtaani kwetu Ukunda siku hizi, akina mama huniuliza "Panya hajambo?" kabla hawajaniuliza mimi hali yangu, nami hujibu "Hajambo, alhamdulillahi," uso ukiniwaka, kwa sababu aibu ile niliitafuta kwa mikono yangu miwili na sina wa kumsingizia. Basi kaeni niwasimulie mwenyewe, maana kila anayeisimulia anaongeza chumvi (na hakukuwa na haja, ilikuwa na chumvi ya kutosha).

Kwanza mjue kwamba Pamba si panya. Ni chinchila, mnyama mdogo wa kijivu mwenye masikio makubwa na manyoya laini kuliko pamba yenyewe, asili yake milima ya baridi huko Amerika Kusini, na aliyemleta Diani ni Madamu Njoki, meneja wa hoteli aliyehamia kutoka Limuru akakataa kumwacha nyuma. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya takwimu na sina kazi, Madamu akaniajiri nimtunzie Pamba kila anaposafiri. Kazi yenyewe ni moja tu: joto lisipite nyuzi ishirini na tatu na hewa isiwe na unyevu, kwa sababu kiumbe huyu hatoki jasho, na manyoya yake yakishika maji hayakauki upesi, anaugua. Sasa hebu fikirieni, Diani, ambako chumvi huganda kichupani na viatu huota ukungu kabatini! Kwa hiyo Pamba aliishi kwenye chumba chenye kiyoyozi, madirisha yamefungwa, mashine ya kukausha hewa pembeni, na mimi nimekaa nakitazama kipimo kama anayeuguza mgonjwa. Kikipanda kidogo, na moyo wangu unapanda nacho.

"Misi, wewe tulia bwana," Madamu alikuwa akiniambia. "Ukiona masikio yake yamekuwa mekundu, hapo sasa ndio ujue kuna shida."

(Hakujua kwamba kuniambia nitulie ni kuniongezea jambo la kuwazia.)

Ijumaa hiyo Madamu alikuwa Nairobi. Umeme ukakatika, jenereta ya nyumba ikakohoa mara moja ikanyamaza, na kipimo kikaanza kupanda. Nikamlaza Pamba juu ya kigae cha marumaru nilichokuwa nimekiweka kwenye friza, nikampepea, nikaacha kumpepea (je, upepo si ndio unaoleta unyevu?), nikafungua dirisha, nikalifunga. Nikafikiria kumpeleka supamaketi, kuna kiyoyozi, lakini askari wa mlangoni angetaka kufunua aone. Nilipomtazama tena, masikio yalikuwa mekundu kama pilipili, amejinyoosha ubavu, anahema. Nikasema, huyu anakufa mikononi mwangu, na mwenyewe aliniamini.

Hapo nikamkumbuka Rehema. Rehema ni rafiki yangu tangu madrasa, na siku ile ile alikuwa anaolewa pale Ukunda, nami nimealikwa. Baba yake alikuwa amekodi jenereta na kufunga kiyoyozi ndani ili hina na wanja wa bi harusi visitiririke. Nikamtia Pamba kwenye tundu dogo la safari pamoja na kigae chake na bakuli la vumbi laini anamoogea (chinchila haogi maji, huoga vumbi, kwa nini nililibeba siku ya hatari kama ile msiniulize). Likabaki la kumfunika asiogope. Leso kuukuu ilikuwepo, lakini nikawaza, haijakauka vizuri hii, nikachukua kitambaa cha meza cha Madamu, kikavu kabisa, chekundu, chenye darizi ya nyuzi za dhahabu, na kwa kuwa kilikuwa kinateleza nikakifunga juu kwa utepe. Nikavaa buibui, nikapanda tuktuk.

Wenzangu wa pwani mmeshaelewa. Kwa msio wa huku: upande wa bwana harusi huleta begi, yaani zawadi za bi harusi, nguo, viatu, manukato, dhahabu, zimepangwa kwenye sinia na kufunikwa vitambaa vya darizi, akina mama wanazibeba kwa mstari wakiimba, na zikifika hufunguliwa moja moja mbele ya wanawake wote, upande wa bi harusi ukitazama kwa makini kama binti yao amethaminiwa. Nami nilishuka kwenye tuktuk wakati wanawake wa Msambweni wanaingia langoni na begi lao.

"We mwanangu, mbona umebaki nyuma?" akaniita Bi Mwanakombo, shangazi yake bwana harusi, aliyekuwa anaongoza. "Ingia mstarini, tunangojwa!"

"Shikamoo bi. Mimi si..."

"Marahaba. Nyanyua juu, kitu cha harusi hakibebwi kiunoni!"

Sasa kutoka mstarini huku vigelegele vinapigwa ni utovu wa adabu, au sivyo? Niliwaza sana swali hilo, na nilipokuwa bado naliwaza tulikuwa tumeshafika ndani, tena katika chumba kile kile cha baridi. Nikaliweka tundu mkekani kati ya sinia, chini ya kiyoyozi kabisa, nikachungulia pembeni mwa kitambaa baada ya muda: masikio yanarudi rangi yake. Nawaambieni, nilikuwa na furaha kuliko bi harusi.

Kisha Bi Mwanakombo akaanza kufungua. Kanga, vigelegele. Viatu, vigelegele. Bi Mejumaa, bibi yake Rehema, akikagua kila kitu kwa vidole kama yuko sokoni. Nikamsogelea Bi Mwanakombo, nikamnong'oneza, "Tafadhali bi, hicho chekundu usikifungue."

"Hee! Jamani, huyu anasema chekundu kisifunguliwe! Basi uhondo umo humo!" Akavuta utepe.

Kitambaa kikadondoka. Pamba akasimama kwa miguu miwili, akawatazama wanawake wa Ukunda na Msambweni, masharubu yakimcheza.

"Panya!" Watu wakapanda viti. "Komba huyo!" "Komba gani, hamwoni mkia?"

Bi Mejumaa hakupanda popote. "Mwanakombo," akasema taratibu, "mjukuu wangu mmemletea panya?"

"Wallahi si wetu! Msambweni hatuna panya wa namna hii!"

"Mna wa namna gani?"

Upande mmoja ukacheka, wa pili ukanuna, na Bi Mejumaa akalishika tundu mwenyewe alitoe uani, kwenye jua la adhuhuri. Mimi, ambaye huandika ujumbe wa simu na kuufuta mara tatu kabla ya kuutuma, nikajikuta nimesimama katikati ya mkeka wa begi napiga kelele: "Ni wangu! Hajaletwa kwa mtu! Umeme umekatika Diani, akipata joto atakufa, nimemleta kwa ajili ya baridi tu!"

Wote wakanigeukia. Na bi harusi wetu, ambaye siku hiyo alitakiwa ainamishe uso asiseme kitu, akainua ushungi.

"Bibi, mwache akae. Hata mimi nimo humu kwa ajili ya baridi."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bi Mejumaa akaliweka tundu chini, na Pamba, kama aliyengoja ruhusa, akarukia bakuli lake akaanza kujibiringisha, vumbi likaruka mpaka kwenye viatu vipya vya Rehema.

"Anajitia poda!" akasema Bi Mejumaa. "Kumbe naye ni bi harusi."

"Afadhali yeye kaoga," akajibu Bi Mwanakombo huku akipiga chafya. "Kuna walioalikwa wamekuja hivi hivi." Ndipo wakapatana, wakamtungia wimbo papo hapo, na mwenye simu akarekodi video.

Jioni Madamu akanipigia, video ilikuwa imeshamfikia. Nikasubiri kufukuzwa.

"Misi, nimeona hicho chumba kimejaa watu. Unyevu ulikuwa ngapi?"

Na jibu nilikuwa nalo, kwa sababu kipimo kilikuwa mkobani muda wote. Akacheka mpaka akakata simu.

Nimeapa: nikiwa na kitu mkononi nitasema ni nini pale pale langoni, adabu baadaye. Juzi Bi Mejumaa kaniletea mwaliko, mjukuu wake mwingine anaolewa. "Uje na mwenzio, chumba kitakuwa na baridi," akaniambia. "Lakini umfunike gunia."