Matone kwenye Bahasha za Sadaka

Mimi ni mbishi. Nimezaliwa hivyo, na baba aliyenizaa ananishinda kwa ubishi, kwa hiyo nyumba yetu ya vyumba viwili karibu na Msimbazi haijawahi kukosa mada. Kwa karibu mwaka mzima mada yetu ilikuwa oili ya injini.

Baba aliendesha malori ya safari ndefu mpaka akastaafu. Kiinua mgongo chake chote kilinunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa mpango kwamba yeye ataendesha na mimi nitauza vitenge Kariakoo. Aliendesha mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kisha presha ya macho ikamnyang'anya barabara, akabaki anatofautisha mwanga na giza tu. Siku aliyonikabidhi ufunguo hakuwa na hotuba. Alisema, "Mama, hiyo injini ndiyo jasho langu lote. Ikifa, sina kingine cha kukupa."

Kirikuu hicho ndicho kinachonitolea marobota ghalani asubuhi, na ndicho kinachompeleka baba kliniki ya macho Upanga. Nilijua hayo yote. Bado nikabisha.

Ubishi ulianza siku niliporudi na dumu la lita nne la oili ya sintetiki, bei nafuu, jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Mama anayeuza vipuri jirani na duka langu ndiye aliyenishawishi. Kwenye dumu waliandika kwamba inatembea kilomita elfu kumi. Baba maisha yake yote amemwaga oili kila kilomita elfu tano, na kutia ile nzito aliyoizoea, hataki kusikia nyingine.

"Hayo ni maji ya maharage," alisema kabla hata sijafungua kifuniko.

"Baba, hii ni sintetiki. Mambo ya elfu tano ni ya enzi za malori yenu."

"Elfu kumi ya wapi? Ya huko walikoandikia, barabara imenyooka. Wewe unakaa pale Kariakoo saa nzima, injini inanguruma, gari halijasogea hatua mbili. Kilomita hazihesabu foleni."

"Basi tupime."

"Tupime," alisema, na nikaona uso wake umechangamka kama ambavyo sijauona tangu aache usukani. Ningekuwa na akili, ningeshukuru pale pale. Mimi nilikuwa nafikiria kushinda.

Fundi wetu huja na trei yake na kulala chini ya gari hapo hapo nje ya nyumba. Alimwaga oili ya zamani, akabadilisha filta, akamimina ile mpya. Alipomaliza alichukua bisibisi akalitoboa lile dumu tupu kwenye kitako, kama afanyavyo siku zote, maana dumu zima likitupwa mjini hapa huchelewi kulikuta dukani limejazwa oili chafu iliyochujwa. Akaondoka nalo pamoja na takataka zake.

Upimaji wenyewe ni ujuzi wa madereva wa zamani. Unawasha injini ipate moto, unaizima, unachomoa kijiti cha kupimia oili na kudondosha tone moja kwenye karatasi inayonyonya. Unaacha likauke. Oili ambayo bado nzima hutandaa polepole mpaka ukingo wake unapotea. Iliyochoka hubaki na kidonda cheusi katikati, kimejikusanya, hakitaki kwenda mbele. Karatasi zetu zilikuwa bahasha za sadaka. Usharika humpa kila mtu bahasha za Jumapili zote za mwaka, na baba alikuwa na rundo la Jumapili alizokosa kwa sababu ya macho. Alisema Mungu ameshaona kwamba hazikuwa na kitu, hatakasirika.

Tukakubaliana: kila kilomita mia tano, tone moja, siku ya Jumapili baada ya ibada. Mimi nadondosha, mimi namsomea, naandika kilomita na maelezo juu ya bahasha, yeye anaitungika kwenye msumari ukutani. Mwanzoni nilisoma hovyo. "Nzuri," nasema, na yeye anang'aka, "Nzuri ndiyo rangi gani?" Ikabidi nijifunze kuona. Nikaanza kusema rangi ya asali, rangi ya chai ya rangi, rangi ya kahawa iliyolala. Nikapima kwa kucha jinsi lilivyotandaa. Baba anakaa na kichwa amekiinamisha, anasikiliza kama mtu anayesikiliza matokeo ya mpira, kisha anapitisha kidole juu ya doa na kusema, "Haya."

Na maji yale ya maharage yalifanya kazi! Elfu tano ikapita tone likiwa linatandaa vizuri. Elfu sita, bado. Baba mwenyewe alikiri, kwa shida, kwamba oili ina heshima yake. Mimi nilitangaza ushindi mtaa mzima. Mama wa vipuri nikamwambia awatangazie wateja.

Kilomita elfu sita na mia tano, tone halikwenda. Ilikuwa baada ya wiki za mvua, Jangwani hakupitiki, magari yote yamesongamana upande wetu, na mimi nimeshinda ndani ya foleni na marobota mgongoni. Doa lilikauka likiwa jeusi katikati, na ukingo mkali unaoonekana hata ukiwa umesimama mlangoni. Nikaliangalia. Nikamwangalia baba, ameinamisha kichwa anasubiri.

"Rangi ya kahawa," nikasema. "Limetandaa vizuri tu."

Akapitisha kidole. Safari hii kidole kilikaa kidogo. "Haya," akasema.

Nikaandika uongo huo juu ya bahasha ya sadaka kwa mwandiko mzuri kabisa. Elfu saba nikarudia. Sina cha kujitetea. Sikuwa na haraka wala sikukosa hela ya oili. Nilikuwa nimeshatangaza elfu kumi, na nilitaka kufika elfu kumi. Mtu mzima na biashara yangu, namdanganya kipofu juu ya jasho lake mwenyewe.

Wiki iliyofuata nilipanda Moshi kwa kipaimara cha mtoto wa dada yangu, siku nne. Baba alibaki kwa sababu ya kliniki, na fundi ndiye aliyempeleka. Niliporudi nikakuta amepanda mchaichai kwenye dumu na kuliweka kwenye kibaraza. Nikafurahi kwamba amepata cha kufanya. Nikawa naumwagilia kila asubuhi, maji yanachuruzika kwenye tundu la kitako, na jioni tunakunywa chai yake.

Ilipofika elfu saba na mia tano nilidondosha tone. Lilitandaa kama zamani. Rangi ya asali! Mtu mwenye akili timamu anajua oili haiponi. Mimi nilimshukuru Mungu, nikasema sintetiki kweli ni sintetiki, imejisafisha. Nikamsomea baba kwa sauti ya juu, kwa kuwa safari hii nilikuwa nasoma ukweli. Nikakimbia kumwambia mama wa vipuri. Alinitazama kwa muda, akasema, "Hongera, jirani," akageukia mteja.

Elfu kumi ilipotimia nilimwita fundi, na nikaita majirani wawili waje kushuhudia. Akafungua nati, oili ikashuka kwenye trei ikiwa nyepesi, inapitisha mwanga, rangi ya chai ya rangi. Nikapiga vigelegele. Fundi alikuwa amelala chini ya gari, nikaona tumbo lake linatikisika kwa kicheko.

"Unacheka nini?"

"Dada, mimi nilikatazwa kusema."

"Na nani?"

Akatoka chini ya gari, akafuta mikono. "Oili yako ya kwanza, ulipoenda Moshi tuliimwaga. Mzee alinituma kwa yule mama wa vipuri, nikachukua dumu la aina ile ile ya kwako. Ile iliyotoka, dada, ilikuwa lami. Wiki mbili mbele, tungekuwa tunaongea mambo ya kushusha injini." Kisha akanionyesha kibarazani kwa bisibisi. "Dumu si lile pale?"

Majirani wakaondoka taratibu bila kuaga. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kilomita elfu tatu na mia tano, na kila asubuhi nilikuwa naimwagilia maji.

Baba alikuwa amekaa ndani, chini ya msumari wa bahasha. Nilipiga magoti mbele yake. Sijui kwa nini, huwa sipigi magoti.

"Baba, lile tone la elfu sita na mia tano. Na la elfu saba."

"Najua. Katikati kulikuwa na kigaga. Tone la oili nzima halina kigaga."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Ungenifokea tu. Mimi nakufokea kila siku."

Akasema, "Ningekwambia, ungeona aibu, ungeacha kunisomea. Mimi hapa siku zote nasikia redio. Wewe ndiye pekee unayenionyesha kitu."

Nililia, nakiri, na si kidogo. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu na ulinuka oili, maana asubuhi ile alikuwa ameshagusa kijiti kabla yetu sote.

Sasa tunamwaga kila kilomita elfu sita, oili ile ile ya bei nafuu, na mvua zikizidi tunamwaga mapema zaidi. Yeye alikubali sintetiki, mimi nilikubali foleni. Kirikuu kinanguruma vizuri, na kila nikikiwasha asubuhi nasema asante, nikimaanisha watu: fundi aliyenyamaza, jirani aliyenipongeza huku anajua, na huyu mzee aliyeilinda injini yangu dhidi yangu mimi bila kunivunjia heshima.

Siku ile ile ya elfu kumi, kabla hatujala, aliniomba nizitoe zile bahasha mbili za uongo kwenye msumari. Nilidhani anataka zichanwe. Alinipa kalamu, akasema, "Soma." Nikafuta maneno yangu ya zamani kwa mstari mmoja, na nikamsomea huku naandika: nyeusi katikati, ukingo mkali, halikutandaa. Akapitisha kidole juu ya kila doa, polepole, akazirudisha ukutani mahali pake.

"Haya," akasema. "Sasa nimeona."