Punda na Kikuba cha Mgeni

Nakiri: mkate wa kwanza nilimpa mimi. Punda alikuwa amesimama nje ya hoteli pale Shela, mifuko ya mchanga mgongoni, mwenyewe kaingia msikitini kuswali adhuhuri. Akanitazama kama mtu aliyefunga Ramadhani mbili mfululizo. Nikachomoa mkate wa mofa kwenye kikapu cha mama, nikampa. Akaumaliza, akanilamba mkono hadi kwenye saa. Nikacheka. Mjinga mimi.

Sasa, nani huenda hotelini na mikate yake? Muulizeni mama. Kwetu Mkomani, mjini Amu, mwanamke mwenye heshima zake hali mbele za watu, tena chakula cha mpishi asiyemjua. Lakini aliyetualika alikuwa bibi aliyetoka Mombasa kumposea mwanawe dada yangu. Jana yake alimtazama dada kuanzia unywele hadi ukucha. Siku hiyo ndipo angetoa jawabu. Kuukataa mwaliko wake ni kuivunja posa kwa mikono yetu. Basi tukaenda, mama na mimi. Dada akabaki nyumbani akitafuna kucha.

Hoteli yenyewe haina mlango! Sakafu mchanga mtupu, ukuta unakomea kiunoni. Eti wageni hupenda hivyo. Samaki wa kupaka akaletwa, na mama akawa anapitisha mikate yake chini ya meza kama mtu wa magendo.

"Karibu, Bi," mama akasema.

"Wewe kwanza, Bi."

"Hata, Bi, wewe ndiye mgeni."

Samaki anapoa. Mimi nina njaa. Hakuna anayegusa kitu.

Ndipo kichwa cha punda kikaingia katikati yao.

"Toka! Rudi ndiani, we!" mama akamfukuza kwa ncha ya buibui. Punda hakumjali. Akanusa kikapu, kitupu. Akanusa meza. Halafu akashusha pua kifuani kwa mgeni, pale alipobandika kikuba chake, kishada cha maua ya asumini, akakitafuna chote, na uzi wake.

Mgeni akanigeukia. "Huyu mwajuana?"

"Simjui mie, bibi."

Punda akanilamba sikio.

Mama amekuwa rangi ya jivu. Mimi nawaza jinsi nitakavyomweleza dada kwamba ndoa yake imeliwa na punda, tena punda wa kubeba mchanga.

Mgeni akajipangusa mate kifuani, taratibu, akasimama.

"Hapa basi," akasema. "Kesho nakula kwenu, ndani, mlango umefungwa. Na mkwe wangu ndiye apike."

Mkwe wangu! Nilitaka kupiga kigelegele, mama akanifinya.

Tukarudi Amu kwa miguu, ufukweni, jua la utosi. Tukafika mlangoni kwetu. Hapo ndipo mama akasema:

"Kesho utakuna nazi nane, utaosha vyombo vyote, na mgeni akikuuliza, wewe ni mtoto wa jirani."