Nyuzi za Sabir

Sabir alikuwa mchoyo. Najua marehemu hasemwi, lakini niacheni niseme, maana hasira hizi zimenikaa kooni tangu mwezi wa Shaaban.

Mchana alikuwa karani wa godauni Shimanzi, mtu mpole, shati limenyooka kwa pasi. Harusini alikuwa mwengine. Tulibaki sisi wawili tu kisiwani tuliopiga gitaa la kulaza mapajani, mkono mmoja wadona nyuzi, mwengine wateleza na kipande cha chuma juu yake. Langu lilisikika vizuri, alhamdulillahi. La Sabir lililia mpaka kina mama wa Bondeni wakaacha vigelegele wasikilize.

Siri ilikuwa katika kuzikaza zile nyuzi. Alizikaza kivyake, tena ameelekea ukutani! Harusi ikiisha, alizilegeza zote kabla hajainuka, nisije nikazidona nikajua.

"Yakhe, nionyeshe," nilimwambia miaka thelathini.

"Haraka ya nini, Fahmi? Twafa kesho?"

Akafa. Alasiri moja alipiga kidogo nyumbani, akaliweka gitaa kitandani, akaenda kutia udhu, akaanguka. Ndiyo mara ya pekee hakulegeza.

Mkewe, Mwanarusi, alijua nilivyokuwa nikibembeleza. Alilifungia kabatini eda nzima, miezi minne na siku kumi, asiliguse mtu. Eda ilipokwisha akaniita, akanitolea ukumbini, mwenyewe akakaa nyuma ya pazia.

"Liko vile vile alivyoliacha, shemeji. Sikia mwenyewe."

Nikalipokea. Wallahi sijui nieleze vipi. Sisi gitaa likikaa bila kupigwa twalegeza nyuzi, shingo lisipinde. Mkono umezoea, hauulizi. Mimi namlilia Sabir, huku vidole vyazungusha skrubu moja baada ya nyengine. Nilipozinduka zote zimelegea kama kamba za kuanikia nguo.

Mjinga mimi! Mjinga, mjinga! Na yeye pia, angenionyesha tangu zamani yasingetufika haya.

"Mbona kimya, shemeji? Piga, nimsikie."

Sikuthubutu kumwambia. Nikazikaza upya, nikakisia, nikabahatisha, jasho lanitoka. Nikapiga ule wimbo aliokuwa akiupenda, mwanzo mpaka mwisho.



"Ahsante, shemeji," akasema Mwanarusi. "Lakini huyo ni wewe."