Jicho la Bi Mwanaheri na Ulimi wa Mkalimani

Bi Mwanaheri wa Bigwa hakuwa mtu wa kuamini upesi. Hata zamani, macho yake yalipokuwa mazima, hakununua chumvi bila kuionja, na akiletewa habari ya msiba huuliza kwanza nani alimwosha maiti. Basi ukungu ulipoanza kumwingia machoni, akamshuku jirani aliyekuwa akichoma majani makavu upande wa upepo. Jirani akaacha kuchoma, ukungu haukuondoka. Akaushuku ugoro wake mwenyewe, akauacha mwezi mzima, akabaki na ukungu na hasira.

Miaka ile ilikuwa ya Wadachi. Reli ilikwisha kufika Morogoro, na gari moshi likipiga honi kule stesheni, sauti yake hupanda mpaka kwenye migomba ya Bigwa. Mjini kulikuwa na nyumba ya dawa, na ndani yake Mdachi mmoja ambaye watu walimwita Bwana Mganga. Ilisemekana anatibu macho. Yalisemwa pia mengine, lakini hayo yalisemwa chini chini.

Aliyempeleka mara ya kwanza alikuwa Abasi, mtoto wa marehemu mdogo wake, kijana aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa. Abasi alitangulia ameshika ncha ya fimbo, na Bi Mwanaheri akafuata ameshika ncha ya pili. Walipofika wakaambiwa wakae ukutani. Jua likapanda. Wakaitwa vibarua wa reli, wakaitwa vibarua wa mashamba ya katani, mmoja na kidole kilichopondeka, mwingine na homa. Bi Mwanaheri alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuingia.

"Mbona wanatupita?" akauliza.

"Hao wana kazi ya Wadachi, mama mkubwa," Abasi akajibu. "Wewe una kazi gani?"

Neno lile akaliweka moyoni.

Ndani kulinuka dawa kali. Msaidizi wa Bwana Mganga aliitwa Severini, mtu wa Mgeta aliyesomeshwa misheni, na yeye ndiye aliyekuwa mkalimani.

"Shikamoo, bibi! Unaumwa nini?" akapaza sauti.

"Marahaba. Macho ndiyo mabovu, mwanangu, masikio ni mazima."

Kisha akaeleza. Akasema jinsi ukungu ulivyoanza wakati wa vuli, jinsi jicho la kulia linavyoona afadhali jioni kuliko mchana wa jua kali, jinsi la kushoto limebaki kuona mwanga tu kama mtu aliyefunikwa kanga nzito. Akasema hayaumi. Akasema alimwaga uji wa moto mguuni kwa kukosea chungu. Alisema kila kitu, maana aliambiwa mganga wa Kizungu hapigi ramli, ukimficha hajui.

Severini akageuka, akamwambia Bwana Mganga maneno mawili matatu, hayajai kiganja.

Bwana Mganga hakumwamkia. Akamwinua kope kwa kidole gumba, akasogeza taa, akanguruma maneno mengi, akauliza jambo, Severini akajibu, akanguruma tena. Mwishowe Severini akasema, "Bwana Mganga anasema ni uzee, bibi."

"Maneno yote yale ni uzee tu?"

"Kidachi ni lugha ndefu."

Akapewa kichupa cha dawa ya kudondoshea machoni. Njiani akaionja kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa maji na chumvi.

Jambo lililomkaa moyoni, hata hivyo, halikuwa dawa. Walipokuwa wakitoka, Severini alisema, "Haya, Abasi, tutaonana." Na hakuna mtu aliyekuwa amemtajia jina la Abasi.

Akarudi mara ya pili, wakaambiwa Bwana Mganga amekwenda safari kwenye mashamba ya Wazungu, haijulikani atarudi lini. Akarudi tena, akamkuta, akakaa ukutani mpaka vivuli vikahama, akaambiwa ni uzee, akapewa chumvi yake. Safari hiyo alipokuwa akisubiri alisikia Abasi na Severini wakinong'ona nyuma ya nyumba. Hakupata maneno, alipata mnong'ono tu, na mnong'ono kwa mtu asiyeona ni mbaya kuliko tusi.

Usiku na mchana akalichambua. Abasi anataka nini? Migomba ile ilikuwa ya ukoo, na kwa desturi ya Waluguru ilipita kwa wanawake, kutoka kwa bibi yake hata kwake. Dada hana, binti hana. Akiisha kuwa kipofu kabisa, nani atajua Abasi amekata mikungu mingapi, au amemgawia nani pembe ya shamba? Akaanza kupapasa chakula kabla ya kula. Abasi akimletea maji, humwambia, "Onja wewe kwanza, mwanangu, nione kama ni ya baridi." Abasi huonja, kisha humpa.

Jirani yake mmoja alikuwa Magdalena, mwanamke aliyekulia misheni, akaolewa Bigwa. Kabla ya kuolewa alikuwa akifua nguo nyumbani kwa Mdachi mmoja wa reli, na kwa mke wa Mdachi huyo alijifunza Kidachi cha jikoni na cha kamba ya nguo. Siku Abasi alipopanda Mgeta kufuata maharage, Bi Mwanaheri alikwenda kwa Magdalena akipapasa ua.

"Magdalena, mwanangu, Kidachi chako kinatosha kusikiliza bila kusema?"

"Kusikiliza ndiyo kazi niliyofanya zaidi, bibi. Kusema walikuwa hawanipi nafasi."

"Basi kesho utanishika mkono. Ukiingia mle ndani, wewe ni bubu."

Wakaenda. Wakakaa ukutani kama desturi, wakapitwa kama desturi. Walipoingia, Magdalena akachuchumaa pembeni na kikapu chake mapajani, akainama kama mtu wa shamba aliyeogopa sakafu. Severini hakumtazama mara mbili. Bi Mwanaheri akaeleza ugonjwa wake upya, polepole, kisha akaongeza neno ambalo hakuwahi kulisema: "Mwambie, kama ipo dawa kubwa kuliko hii ya chumvi, mimi niko tayari kuisikia."

Severini akayageuza kwa Kidachi. Bwana Mganga akamwinua kope, akasema, akauliza. Severini akajibu.

"Anasema nini?"

"Uzee, bibi. Endelea na dawa."

Bi Mwanaheri akashukuru, akatoka. Hata walipofika barabarani hakuuliza. Alisubiri mpaka wakavuka mto, sauti ya maji ikawa nyuma yao.

"Haya, toa."

Magdalena akatua kikapu chake. "Bibi, Bwana Mganga hakusema uzee. Amesema una mtoto wa jicho, na la kushoto limekwisha kupevuka. Amesema anaweza kulifungua kwa kisu, akamtoa, na bora kabla ya masika. Halafu ameuliza, 'Bado anakataa?' Na Severini amejibu, 'Bado anakataa. Wazee hawa wanaogopa kisu.'"

Bi Mwanaheri akasimama pale pale njiani. "Amesema *bado*?"

"Bado. Mara mbili."

Neno lile lilimchoma kuliko uongo wenyewe. Kumbe muda wote ule alikuwa akikataa! Alikuwa amekaa ukutani juani, amepitwa na vidole vilivyopondeka, anaingia ndani kukataa kitu asichokijua, anarudi nyumbani.

Magdalena akataka warudi wakamwambie Bwana Mganga. Bi Mwanaheri akakataa, na safari hii alikataa kwa kinywa chake mwenyewe. Alijua Mdachi akiambiwa amedanganywa, Severini angelazwa chini apigwe kiboko mbele ya watu. Mtu aliyepigwa kwa ajili yako hatakusaidia, na visu vyote vya nyumba ile hupita mikononi mwake. Wakarudi mjini, lakini walikaa kisimani, mahali ambapo Severini hupita akienda kwake jioni.

Alipokuja, Bi Mwanaheri alimtambua kwa mlio wa viatu vyake. "Severini," akaita. "Huyu hapa anaitwa Magdalena. Amefua nguo za Wadachi miaka mingi. Mwambie neno lolote la Kidachi, atakujibu."

Severini hakusema neno lolote la Kidachi. Akaketi juu ya jiwe.

"Nani alikutuma unikatalie?" akauliza Bi Mwanaheri.

"Mwanao Abasi."

Alikuwa ameshuku hivyo, lakini kulisikia ni jambo jingine. "Kwa nini?"

"Muulize mwenyewe. Mimi alinikuta nimekwisha kuchoka, nikakubali upesi." Kisha maneno yakamtoka. Kulikuwa na mzee mmoja wa kwao Mgeta, mwenye uvimbe tumboni, aliyeogopa kisu. Severini ndiye aliyemshawishi. Mzee akafa baada ya kupasuliwa. Ukoo mzima ukaenda nyumbani kwa mama yake Severini, wakamwambia amezaa muuza watu, anawapelekea Wazungu damu. "Tangu hapo, bibi, vijana nawaeleza yote. Wazee nawaacha waende nyumbani na uzee wao. Mzee akifa kwa uzee, hapana anayekuja mlangoni kwangu."

"Na mimi hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Nikija tena, utamwambia Bwana Mganga neno langu kama nitakavyolisema. Magdalena atakuwa amekaa pale pale."

Abasi alirudi kutoka Mgeta na mzigo wake wa maharage, akapika, wakakaa kula. Bi Mwanaheri hakuanza kwa salamu ndefu. "Umenikatalia kisu kwa Mdachi, na mimi sikujua hata kama kuna kisu cha kukataa. Kwa nini, Abasi?"

Alimsikia akiweka tonge chini.

"Ukifa mezani pale, mama mkubwa, wajomba watasema nilikupeleka kusudi nibaki na migomba. Nitafukuzwa kama mbwa. Ukibaki huoni, nitakulisha. Nimekuwa nikikulisha."

"Uliogopea mimi, au uliogopea wewe?"

"Vyote."

Sauti yake ilikuwa sauti ya kweli. Lakini Bi Mwanaheri alikuwa ameishi miaka mingi, alijua hata sauti ya kweli huigizwa. Alitamani amwone uso aliposema vile, uso tu, kwa pumzi moja. Na nadhani hilo ndilo lililomtia ujasiri, kuliko Bwana Mganga na elimu yake yote.

Akawaita wajomba wawili wa ukoo, akawaambia mbele ya Abasi, "Nakwenda kwa miguu yangu. Nikifa, nimekufa mwenyewe." Kisha akaenda.

Bwana Mganga, alipoambiwa mgonjwa amekubali, alisema neno fupi, na Severini akaligeuza lote: "Anasema, 'Hatimaye!'" Magdalena akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo. Jicho likatiwa dawa ya ganzi. Akalazwa, akashikwa kichwa. Aliuliza kila kilichotajwa, Severini akajibu, Magdalena akathibitisha, mpaka Bwana Mganga akapiga mguu chini, akaamuru pawe kimya. Hakusikia maumivu. Alisikia kitu kikisukumwa, kama kokwa inapotoka kwenye tunda lililoiva, na katikati ya ukimya ule alimsikia Magdalena akisali rozari kwa mnong'ono.

Wakamfunga macho yote mawili, wakamlaza chali na kumkataza kukohoa. Uji walioletewa wagonjwa hakuunywa. Alisubiri wa Magdalena.

Kitambaa kilipofunguliwa, mwanga ulimpiga kama kofi. Kisha dirisha likajitenga na ukuta. Mambo yote yalikuwa kama yako chini ya maji, kingo zake zinacheza, lakini rangi zilikuwa zimerudi: weupe wa shuka, buluu ya milima mle dirishani. Severini alikuwa kijana kuliko sauti yake, na masikio makubwa.

"Unaona nini, bibi?" akauliza, safari hii bila kupaza sauti.

"Nakuona wewe. Sasa nionyesheni mlichokitoa."

Severini akasita, akageuza. Bwana Mganga akacheka, kicheko cha kwanza Bi Mwanaheri kukisikia kwake, akaonyesha kwa kidole. Severini akaleta kitu kidogo ndani ya pamba, rangi ya asali chafu, kama punje ya mahindi iliyolowana.

"Ni changu kweli?" akamuuliza Magdalena.

"Ni chako, bibi. Nilikiona kikitoka."

"Ulikionaje? Ulikuwa unasali umefumba macho. Nakujua."

Magdalena akatazama chini. Bi Mwanaheri akaifunga pamba ile katika pindo la kanga yake hivyo hivyo, maana kama si chake, bora kiwe kwake kuliko kubaki mle, mtu akaja kukifanyia uchawi. Bwana Mganga alitaka kulifungua na jicho la pili. Akajibiwa kwamba mgonjwa anamshukuru, lakini atalichunguza hili kwanza, na Severini akaligeuza neno hilo bila kupunguza.

Nyumbani Abasi alimpokea uani, akamwamkia, akainama kuchukua mzigo. Bi Mwanaheri akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. Aliuona uso wa mdogo wake marehemu, mashavu yale yale, na machozi. Akatazama sana. Machozi yalikuwa machozi. Kama yalikuwa ya furaha au ya aibu, jicho la Mdachi halikuweza kumwambia. Akamwachia.

"Migomba ya chini umeipogoa vibaya," akasema.

"Nitaipogoa tena, mama mkubwa."

Jioni, kabla jua halijazama nyuma ya milima, alichukua jembe akaenda peke yake nyuma ya nyumba, bila fimbo. Akachimba kishimo, akaitia pamba ile, akafukia, akakanyaga udongo kwa kisigino. Kisha akasimama akatazama huku na huku, polepole, kila upande, aone kama kuna mtu aliyemwona.