Siku ya Kupumzisha Zana

Katikati ya miaka ya 2010, nikisoma uuguzi Minneapolis, nilipata kazi ya kumtunza mzee wa Kihindi aliyeishi na binti yake kwenye fleti moja ya Saint Louis Park, kando ya jiji. Binti alikuwa daktari, anaondoka asubuhi na mapema. Alinichagua kwa sababu ya Kiswahili changu. Baba yake alipopata kiharusi, Kiingereza kilimponyoka chote, kikabaki Kigujarati cha nyumbani kwao na Kiswahili cha Mwanza, alikouza misumari ujanani kwenye duka la mjomba wake.

Alikuwa tajiri na hakulificha hilo. Siku ya kwanza nilimpa shikamoo, akaitika, kisha akaniuliza kama najua nondo zinavyotengenezwa. Nikasema sijui. Nilikoma. Kuanzia hapo nilisomeshwa chuma kuliko nilivyosoma uuguzi. Alikosana na mjomba, akarudi India mikono mitupu, akawa anakusanya vyuma chakavu kwa baiskeli. Akakodi tanuru bovu la mtu, akalifufua kwa mikono yake. Mwishowe akawa na kiwanda chake mwenyewe, na nondo zake zikasimamisha maghorofa ambayo hakuwahi hata kuyaona. Watoto wake wote walizaliwa yeye akiwa kiwandani. Mkewe naye alikata roho yeye akiwa huko huko. Hilo alilisema akitazama dirishani.

Kila asubuhi nilimpigia simu mwanawe aliyebaki kuendesha kiwanda. Kwao ilikuwa jioni. Kijana aliisogeza simu karibu na tanuru, mzee akafumba macho na kuusikiliza ule mngurumo, halafu akaanza kuamrisha. Fundi fulani aitwe, kitu fulani kikaguliwe. Baada ya hapo ndipo alipokubali kula.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, binti alinivuta pembeni kwenye maegesho. Kiwanda kimefungwa, aliniambia, kimeshindwa na chuma rahisi cha kutoka nje. Kaka yake aliurekodi mngurumo kabla ya kuzima tanuru, na atakuwa anamchezea baba kwenye simu. Mzee asijue. Tangu afiwe na mkewe kilichomshikilia duniani ni kile kiwanda, na akijua atagoma kula, atakufa. Nilichukia. Mimi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa siwezi, tena mtu mzima kama yule. Lakini baba ni wake, si wangu, nikaendelea kupiga simu kila asubuhi.

Ikafika Septemba. Asubuhi moja nimetoka kwangu New Hope, nikamkuta ameshavaa nguo nyeupe, ananisubiri. Ilikuwa siku ya kupumzisha zana. Kwa watu wa kazi yake kule India, siku hiyo mashine huoshwa na kuvikwa maua, na hakuna kinachowashwa wala kinachokata. Nikaamriwa kuosha visu vyote vya jikoni na kuvipanga mezani. Kiti chake cha magurudumu kikapakwa doa jekundu la baraka. Halafu akataka gari langu. Nikamsukuma hadi kwenye maegesho, akalitia doa kwenye boneti na kulipachika ua. Nikamwambia gari hili linahitaji fundi, si ua. Alicheka mpaka akakohoa. Tuliporudi juu tuliumega mkate kwa mikono, maana visu vilikuwa vimepumzika.

Kisha nikapiga simu. Kijana akaitika, na mngurumo ukaanza.

Nilikuwa namimina chai. Nilipoinua uso nikaona mzee hajafumba macho. Anavitazama visu pale mezani. Hapo ndipo nilipoelewa. Leo tanuru lake lilipaswa kuwa kimya. Kijana hakuwa tena na mashine ya kupumzisha, akaisahau siku yenyewe.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema maneno machache kwa Kigujarati, akanipa simu niikate.

"Limezimwa lini?"

Sikuweza kumdanganya akiwa ananitazama. "Tangu theluji ilipoyeyuka, Mzee."

Aliniuliza wafanyakazi wake wamekwenda wapi. Sikujua. Machozi yakamtoka taratibu, nami nikalia waziwazi, kitambaa kimoja tukakitumia wote wawili. Baadaye akauliza kama ni kweli mwanawe alikuwa anamchezea ile sauti kila siku. Nikamwambia ni kweli.

"Basi asijue kwamba najua," alisema. "Wala dada yake."

Kesho yake nilifungua mlango nikiwa na hakika nitakuta hataki hata maji. Nikamkuta yuko mezani, ananidai chai na simu. Alifumba macho, akausikiliza mngurumo wote, kisha akazungumza na mwanawe kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Hakuamrisha kitu. Nilipokata simu nikamuuliza alikuwa anamwambia nini.

"Nimemwambia linanguruma vizuri," alisema. "Nimemwambia aende nyumbani mapema, akakae na watoto wake. Mimi sikuwahi."