Sahani ya Kuonyesha Watu

Siku niliyoingia Mwanza mara ya kwanza bado naiona, mwanangu, kuliko nyingi nilizoishi baadaye. Nilikuwa nimetoka Kigoma kwa treni, na treni ya miaka ile ilikwenda ilivyotaka yenyewe. Tulilala Tabora tukingoja mabehewa ya kwenda Mwanza, kisha tukakwama tena porini kabla ya Shinyanga kwa sababu mvua ilikuwa imelegeza tuta la reli. Watu wakashuka, wakawasha moto na kupika uji kama waliohamia pale. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yalikuwa mabaya, na mama alikuwa ameniagiza niende kwa kaka yake, mjomba Festo, fundi cherehani, nikajifunze kazi.

Mjomba niliyemjua alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko cha kutikisa kiti alichokalia. Nilimtafuta mtu huyo stesheni mpaka abiria wakaisha. Kumbe mtu mwembamba aliyesimama karibu nami muda wote ndiye.

"Unanipita kama nguzo ya umeme," alisema. "Shikamoo yako imeishia Tabora?"

"Shikamoo, mjomba. Sikukujua."

"Marahaba. Si wewe peke yako."

Kilichonichanganya ni nguo. Mtu akikonda ghafla nguo humpwaya, lakini suruali ya mjomba ilimkaa kiunoni kana kwamba alizaliwa na mwili ule. Nilikuja kujua baadaye, nikiwa namsaidia kibandani: kila alipopungua alizipunguza mwenyewe, wateja wakishaondoka, ili mtu asione zinavyoning'inia.

Nayaandika haya nikiwa nimevuka arobaini. Tangu wakati ule sijatulia mahali. Nimekaa Kahama, Mpanda, Tunduru, Songea, na kila nilipochoka nilifunga begi. Mwaka jana daktari aliniambia nina kisukari, ile aina ya pili inayowapata sana watu wazima. Nilipotoka mlangoni kwake sikuiona Songea. Kimawazo nilikuwa Buzuruga, kule Mwanza, kwenye nyumba ya mjomba.

Ilikuwa ni vyumba viwili vya kupanga, ua mmoja na wapangaji wengine, na choo kimoja cha wote. Mkewe tulimwita Mama Kabula, Msukuma wa Magu, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Yeye ndiye aliyeona kwanza kwamba ndoo ya maji ya kunywa iliyokuwa ikitosha nyumba nzima sasa haimtoshi mtu mmoja. Wapangaji nao waliona jinsi mjomba alivyokuwa haachi njia ya chooni. Akipita, walitazamana.

Lazima nikueleze miaka ile ilikuwaje, mwanangu, la sivyo utamwona mjomba mpumbavu. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Viwanda vilikuwa vinakata minofu ya sangara ya kwenda Ulaya, na sokoni mitumba ilimwagwa chini mpaka mafundi cherehani wakaanza kufunga vibanda. Mjomba alibaki na kazi ambayo mitumba haikuiweza: sare za shule na sare za kwaya. Na miaka hiyohiyo Ukimwi ulikuwa unatuzikia watu pande zote za ziwa, kutoka Kagera mpaka Mara. Hatukuutaja. Tulisema "ule ugonjwa". Wakati mwingine tulisema tu "fulani amekonda", na ilitosha.

Kwa hiyo mjomba hakwenda hospitali, maana yeye mwenyewe alikuwa anaamini anao. Mama Kabula alimpeleka kwa kumwambia mbele yangu, "Kama unao, basi na mimi ninao. Twende tukajue wote." Nilikwenda nao. Walipimwa, na daktari akamwambia mjomba kwamba ule ugonjwa hana. Ana kisukari.

Mjomba alicheka pale kwenye korido kile kicheko chake cha zamani. Wagonjwa kwenye mabenchi walimgeukia. Muuguzi alimfuata nje kumwelekeza: vidonge kila siku bila kuacha hata akijisikia mzima, ugali kidogo na mboga nyingi, soda na sukari aachane navyo, miguu aikague kila jioni, na kila mwezi arudi kliniki. "Nimesikia, nimesikia, mwanangu," mjomba akasema huku akimshika mkono kwa furaha. Tulipofika kwenye duka la kwanza alituagizia soda, na yeye akanywa mbili, kushukuru Mungu. Mama Kabula hakuigusa ya kwake.

Kesho yake alifika kibandani akiimba. Jirani yake wa kazi alikuwa Maganga, fundi redio, mtu wa utani asiyejua kushusha sauti.

"Maganga! Nimepimwa. Ni kisukari!"

Maganga aliweka chini bisibisi. "Aa. Kisukari. Pole sana, fundi."

"Pole ya nini? Nakwambia ni kisukari tu."

"Ndiyo. Hata shemeji yangu wa Muleba walisema kisukari." Akashika tena bisibisi. "Tulimzika Pasaka."

"Mimi daktari kanipima!"

"Nani amekukatalia, kaka?"

Hapo ndipo ubaya ulipoanza. Familia nyingi zilizokuwa na mgonjwa wa ule ugonjwa zilisema ni kisukari, au kifua, au amelogwa, ili wapate kuzika bila aibu. Jina la kweli la ugonjwa wa mjomba lilikuwa limeshachakazwa na watu wengine. Kila alivyolitaja kwa nguvu, ndivyo alivyozidi kuonekana anaficha kitu.

Wiki hiyo akaja Mama Koku, Mhaya mmoja mpole, kiongozi wa kwaya iliyokuwa imetuletea vitambaa vya sare. Kazi ile ndiyo ilikuwa kodi ya nyumba na ada ya shule ya mtoto wao, Kabula.

"Fundi, tumeonelea upumzike kwanza," alisema. "Tuvichukue vitambaa. Ukipata nguvu tutavirudisha."

"Nguvu ninazo, mama. Nimeshakata mikono yote na kola."

"Basi tutachukua na hiyo mikono."

Aliongea kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuumiza mjomba zaidi. Kisha nikamwona anazungushia ncha ya kanga mkononi kabla ya kubeba furushi, asiliguse kwa ngozi.

Toka siku ile mjomba aliamua kunenepa. Aliniambia wazi, "Mwenye ule ugonjwa chakula kinamshinda. Wakiniona nakula, watajua." Akaacha kwenda nyumbani mchana. Alikaa kwenye benchi la mama lishe pale stendi ya Buzuruga, uso ukielekea barabarani, akaagiza ugali wa mbeba mizigo na sangara wa kukaanga, na wali wa kushindilia, na soda ameishika juu kama taa. Asubuhi alinunua matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, akavila kwa chai ya sukari nyingi hapo mlangoni pa kibanda, akimwita kila mpita njia: "Karibu! Karibu tule!" Watu walijibu "Ahsante, tumeshiba," wakiongeza mwendo.

Jioni Mama Kabula alimwekea kile alichosema muuguzi: ugali kidogo, mlenda, dagaa. Nacho alikila, bila kusema alichokula mchana. Vidonge vilipokwisha hakurudi kliniki, kwa sababu benchi la wagonjwa lilionekana kutoka barabarani.

Na alizidi kukonda. Muuguzi alikuwa amekwisha kueleza kwamba kisukari kikipanda, mwili haukitumii chakula, sukari inatoka na mkojo. Mjomba alikuwa hasikilizi siku ile, alikuwa anafurahi. Sasa kila alipopungua aliongeza sahani, na kila alipoongeza sahani alipungua, na jioni akapunguza tena suruali.

Mama Kabula aliambiwa na mtu. Alikuja stendi mchana, akakaa benchi lilelile, akauvuta ugali wa mjomba upande wake na kuanza kula.

"Wewe mwanamke, una nini? Watu wanatazama," mjomba akanong'ona.

"Si ndicho unachotaka? Watazame." Alimeza tonge. "Leo nitakula mimi, wewe uonekane tu."

Mama lishe akacheka, kisha akaona hakuna mzaha akajidai anaosha masufuria.

"Festo," Mama Kabula akasema, sasa kwa sauti ya chini, "hawa unaowalia chakula watakuja msibani kwako. Watakaa, watakula pilau, jioni watarudi kwao. Mimi nitabaki na Kabula kwenye kile chumba. Sasa niambie, unaumwa kwa ajili ya nani?"

Mjomba aliinuka. Alivaa kofia yake akarudi kazini. Laiti ingeishia pale, mwanangu, ningekuwa nakusimulia hadithi nyingine. Alikaa siku chache akila nyumbani. Halafu kuna mteja akamwambia, "Fundi, unaisha," naye akarudi kwenye benchi.

Balaa la mguu lilikuja wakati wa msimu wa sare za shule. Mjomba alikanyaga cherehani peku. Niliona kitu cheusi kwenye kikanyagio cha chuma, nikadhani ni mafuta, kumbe damu. Nusu ya sindano iliyovunjika ilikuwa imezama chini ya kidole gumba, naye alikuwa ameendelea kukanyaga.

"Mjomba, mguu wako!"

Aliutazama kama mguu wa mtu mwingine. "Sisikii kitu," alisema. Akaichomoa kwa koleo ya Maganga, akavaa soksi. "Usimwambie Mama Kabula. Kidonda kisichopona nacho watu wanajua ni dalili ya nini."

Nilimwambia Mama Kabula siku ileile. Lakini mjomba alikataa kuvua soksi mbele yake, akawa anajifungia chumbani kujisafisha kwa maji ya chumvi, na mlango aliuzuia kwa mgongo. Aliivua soksi mwenyewe siku harufu ilipozidi manukato aliyokuwa akijipaka. Hospitalini waliukata mguu chini ya goti. Alipoambiwa, aliuliza tu kama ataweza kukanyaga kwa mmoja.

Aliweza. Hilo nataka ulijue vilevile. Alirudi kibandani na magongo, na mchana Mama Kabula alikuwa akimletea chakula chake kwenye bakuli, na mjomba akafunua na kula kilichomo, kichache, bila kumwita mtu. Alimeza vidonge mbele ya wateja. Kliniki alikwenda na kukaa benchi la mbele kabisa. Mashavu yakaanza kurudi, kidogo. Siku moja aliniambia, akiwa anatia uzi kwenye sindano, "Nimechoka sana kuwa mzima mbele ya watu. Hivi nilivyo sasa ni rahisi zaidi." Tulikuwa na miezi ya namna hiyo, na ilikuwa miezi mizuri.

Lakini tulikuwa tumechelewa. Figo zilikuwa zimeharibika, mguu uliobaki ukavimba, na kabla mvua za masika hazijaisha tulimzika. Msibani nilikuwa napanga viti, nikamsikia Maganga akimwambia mwenzake, "Wameng'ang'ania kisukari mpaka mwisho." Niliweka kiti chini nimfuate. Mama Kabula alinishika mkono.

"Mwache. Anayepaswa kujua alikwisha kujua."

Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, na kuna upande wake mwingine unaonisumbua. Wale waliokuwa kweli na Ukimwi, ambao mjomba aliogopa kufananishwa nao mpaka akapoteza uhai, tuliwafanyia nini sisi? Tuliwabebea vyombo kwa ncha ya kanga. Mjomba alikuwa ameyaona hayo, na pengine alishawahi kuyafanya. Alijua vizuri anachokikimbia.

Tulianua matanga. Mama Kabula akaniambia nisikae kwa ajili yake, kibanda amepata wa kumpangisha. Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza mpaka stendi ya Nyamagana. Hakulia. Aliniuliza kama nimekunywa chai, akanirekebisha kola, na alipoona kondakta anafunga mlango ndipo akasema, "Popote utakapougua, mtafute mtu mmoja umweleze ukweli wote, na umwache akusaidie. Mmoja anatosha." Basi likaondoka kuelekea Shinyanga. Tangu siku ile sijakanyaga tena Mwanza.

Basi mwanangu, ukiambiwa una kisukari, au akiambiwa baba yako, woga wa kwanza utakaokujia huenda usihusu ugonjwa. Utahusu watu: nitaonekanaje harusini nikikataa soda, watasemaje ofisini nikibeba bakuli langu. Huo ndio uogope. Kisukari kinavumilika. Kinataka vidonge visivyorukwa, sahani yenye kiasi, mwili unaotembea, miguu inayokaguliwa kila jioni hata kama haiumi, hasa kama haiumi, na kliniki siku ya kliniki. Hakitaki ushahidi wa jirani. Mimi naishi nacho sasa. Siku niliyoambiwa nilimpigia dada yangu simu nikamweleza yote kabla sijafika ninapolala, na tangu hapo ananiuliza kila Jumapili nimekula nini. Huwa namwambia kweli.

Mungu akupe macho ya kujitazama mwenyewe, akupe na mtu wa kumjibu kweli anapokuuliza. Akuzeeshe ukiwa na viungo vyako vyote, na wanao wakuzike ukiwa umechoka kwa miaka, si kwa kujificha. Amina.